Yatima Hadeki? Nyumba ya Ndugu katika Riwaya ya Kiswahili

Utangulizi

Fasihi yetu inampenda sana mtoto yatima. Msanii akitaka kumliza msomaji, humuua mama katika sura za mwanzo. Akitaka kumpa mhusika wake safari, humfukuza kutoka nyumba ya ndugu. Hata ngano walizotusimulia bibi zetu zimejaa mtoto aliyeachiwa mama wa kambo, anatumwa maji usiku huku watoto wa mama huyo wakiota moto. Na methali imekwisha kutoa hukumu: yatima hadeki.

Makala haya yanakusudia kuihoji hukumu hiyo. Nitaangalia namna nyumba ya ndugu, yaani nyumba ya mama mdogo, baba mkubwa, shangazi, mjomba au bibi anayempokea mtoto wa marehemu, inavyosawiriwa katika riwaya nne: Nyota ya Rehema (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed, Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, Watoto wa Mama N'tilie (2002) ya Emmanuel Mbogo, na Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Walibora huyo huyo. Kisha nitazipima kwa kipimo ninachokijua kuliko vingine, nacho ni maisha ya kata ya Qurus, wilayani Karatu, nilikozaliwa na kulelewa.

Kilichonisukuma kuandika ni mjadala wa semina. Mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba Siku Njema imethibitisha kuwa ndugu hawalei, wanatumikisha. Kwa hiyo dawa ya tatizo la yatima Afrika ni kujenga vituo vingi, tena vyenye uzio na wafadhili. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga. Sikatai kwamba ndugu hutesa. Hilo nitalizungumza waziwazi huko mbele. Ninachokataa ni njia aliyoipita mwenzetu: amechukua kitabu kimoja akakigeuza takwimu. Na jambo hili si dogo, maana wengi wetu humu tutakwenda kufundisha vitabu hivi hivi katika sekondari, na katika kila darasa tutakalosimama mbele yake watakuwapo watoto waliofiwa, wamekaa kimya, wanasubiri mwalimu aseme nini juu ya nyumba wanazorudi jioni.

Kwanza istilahi

Kabla ya kuingia vitabuni tukubaliane juu ya maneno, kwani hapa ndipo wahakiki wengi tunapoteleza. Neno yatima limetoka Kiarabu. Katika sheria ya Kiislamu yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Katika Kiswahili cha kila siku limepanuka, likawachukua waliofiwa na mama, na baba, au na wote wawili. Mashirika ya kimataifa kama UNICEF nayo humhesabu aliyefiwa na mzazi mmoja kuwa yatima. Kwa hiyo msomaji akisikia idadi ya yatima wa nchi fulani, asiwaone wote wamesimama peke yao barabarani. Wengi wao wana mama, au wana baba, na karibu wote wana watu.

La pili ni majina ya ukoo. Kiswahili hakina neno moja linalomfanya dada wa mama awe mtu wa pembeni. Dada wa mama ni mama: mama mkubwa au mama mdogo. Kaka wa baba ni baba: baba mkubwa au baba mdogo. Maana yake ni kwamba lugha yenyewe, kabla ya sheria na kabla ya mfadhili yeyote, ilikwisha kupanga nani atashika nafasi ya mzazi akiondoka. Mtoto wa Kiswahili hakuachiwa mama mmoja tu. Ajabu ni kwamba riwaya zetu, zilizoandikwa kwa lugha hii hii, zimemfanya mama wa kambo awe maarufu kuliko mama mkubwa.

La tatu linanikera zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa mtoto asiye na mzazi kukaa na familia nyingine chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii. Kwa Kiswahili utaratibu huo tunauita malezi ya kambo. Sasa nani atapenda kwenda kulelewa kwa kambo? Neno hilo limebeba mgongoni ngano zote za mama wa kambo tangu enzi za bibi zetu. Maofisa wa ustawi wana msemo mwingine pia, familia za kuaminika, kwa zile zinazompokea mtoto wa dharura. Msemo huu una heshima. Nautaja kwa sababu ni kazi yetu watu wa lugha kuona kwamba neno laweza kumfungia mtoto mlango kabla hajabisha hodi.

Nyumba ya ndugu kama jela

Siku Njema ndiyo riwaya inayotajwa kwanza kila mada hii inapozuka. Msanifu Kombo, anayejulikana zaidi kwa jina la Kongowea Mswahili, ni mtoto wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Mama anafariki, mtoto anabaki kwa jamaa wa mama yake, na huko Mzee Kazikwisha anamwonyesha cha mtema kuni. Mtoto anaondoka, anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Walibora, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa na kipaji cha kumfanya msomaji atembee na mhusika wake, na ndiyo maana kitabu hiki kilipendwa na wanafunzi wengi wa Kenya na hata huku kwetu.

Lakini hebu tuangalie fani yake. Hadithi inasimuliwa na nafsi ya kwanza. Tunaiona nyumba ile kwa jicho la mtoto aliyeumia tu, na mtoto aliyeumia ana haki ya kuona hivyo. Mhakiki, hata hivyo, hana haki ya kusahau kwamba amepewa shahidi mmoja. Wanawake wa nyumba ile, wanaopika, wanaoficha chakula, wanaonyamaza kwa kuogopa, hatuwasikii wakijieleza. Tena mwandishi alihitaji safari. Kama Kongowea angelelewa vizuri Tanga, asingefika Kitale, na kitabu kisingekuwapo. Ukatili wa Kazikwisha ni mafuta ya gari la msuko. Hilo si kosa la kisanaa. Ni haki ya msanii. Kosa ni la sisi tunaochukua mafuta ya gari tukayaita ramani ya nchi.

Nyota ya Rehema imepiga hatua ya mbali zaidi, ingawa ilitangulia kwa miaka 20. Rehema anafiwa na mama yake, Aziza, angali mdogo. Baba yake, Fuad, yu hai na ana mali, lakini ubaba wake haumfikii mtoto. Hapa mwandishi ametuonyesha jambo kubwa: mtoto anaweza kuwa yatima ndani ya nyumba ya baba yake mzazi. Rehema anatoroka, anaingia mjini, anaanguka, na anayemtendea utu tangu mwanzo ni Sulubu, mkulima ambaye si damu yake. Baadaye wanaoana, wanalima, halafu mgogoro wa shamba la Ramwe unawaangukia.

Nasisitiza shamba hilo kwa sababu wahakiki wengi huliona kama suala la ukabaila peke yake. Ni suala la yatima pia. Mtoto akifiwa, kinachogombewa mara nyingi si nani atamlisha, bali nani atashika ardhi yake. Mohamed Suleiman Mohamed aliliona hilo mapema: malezi na mirathi ni kitu kimoja chenye pande mbili. Ndugu anaweza kumpokea mtoto kwa mkono wa kulia na kupokea shamba kwa mkono wa kushoto, na kijiji kizima kikamsifu kwa mkono wa kulia. Ukiniuliza ni riwaya gani inayomtetea yatima kwa hoja nzito kuliko machozi, nitakutajia hii.

Umaskini, na watu baki

Riwaya mbili zilizobaki zinautikisa msimamo wa mwenzetu wa semina kutoka upande mwingine.

Katika Watoto wa Mama N'tilie, Peter na Zita wana mama na wana baba. Mama anauza chakula mtaani. Baba, Mzee Lomolomo, ni mlevi. Watoto wanafukuzwa shule kwa kukosa michango na mahitaji, wanaishia jalalani wakiokota. Hakuna kifo cha mzazi kilichowapeleka huko. Mbogo anatuambia, bila kuhutubu, kwamba kinachomtoa mtoto nyumbani mara nyingi ni sare, ada na sufuria tupu. Hoja hii imeungwa mkono na utafiti wa mbali na fasihi: ripoti ya Save the Children ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba angalau watoto wanne kati ya watano walio katika vituo duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Sasa tafakari. Kituo kinaitwa cha yatima, kumbe ndani wamejaa akina Peter na Zita. Kama mama yao angesaidiwa mtaji wa mkaa na unga, je, tungewahitaji wafadhili wa kuwajengea bweni?

Kidagaa Kimemwozea inakwenda kinyume cha Siku Njema kiasi kwamba huwezi kuamini mwandishi ni yule yule. Kitoto kinaachwa mlangoni pa Amani, kijana mtumishi asiye na kitu. Yeye na Imani, kijana mwenzake aliyeonja uyatima, wanakipokea na kukipa jina la Uhuru. Hawana damu moja nacho, hawana fedha, hawana hata nyumba ya maana. Wanalea. Kitoto kinafariki, na badala ya pole wanatiwa mbaroni. Wengi wamesoma tukio hili kama fumbo la uhuru wa Afrika uliofia mikononi mwa wanyonge, na jina lenyewe linaruhusu usomaji huo. Lakini naomba tuusome pia kama ulivyo: vijana wawili wanalea mtoto wa watu, na dola, ambayo haikutoa hata kopo la maziwa, inafika mara ya kwanza ikiwa na pingu. Huo ndio uhakiki mkali wa Walibora juu ya malezi Afrika. Jamii humkumbuka mlezi siku ya kumlaumu.

Qurus

Nimesema nitapima kwa Qurus. Msomaji asiyefika aelewe kwamba kata hii ni ya wakulima na wafugaji, wengi wao Wairaqw ambao wazee wao walishuka kutoka nyanda za Mbulu. Tunalima mahindi, maharage, ngano na mbaazi. Magari ya watalii yanapita Karatu kwenda lango la Ngorongoro asubuhi na kurudi jioni, na baadhi ya watalii hao, kabla au baada ya kuona simba, hupelekwa kuona watoto.

Nyumbani kwetu tulikua watoto saba. Wanne tumbo moja, watatu wa marehemu mama mdogo. Hakuna kikao kilichofanyika kuamua. Baada ya matanga walirudi na mama, basi. Naomba nisiipambe nyumba hiyo. Julai ya Karatu ni baridi kali, na masweta yalikuwa manne. Mama aliyagawa kwa zamu, na zamu haikuwa sawa sikuzote; mtoto aliyemzaa mwenyewe aliponewa kikohozi, zamu ilirukwa. Kuchunga mbuzi kuliwaangukia wale watatu mara nyingi zaidi kuliko sisi, kwa kisingizio kwamba mkubwa wao ndiye anayewajua mbuzi. Aliwajua kwa sababu yeye ndiye aliyetumwa. Wakati huo huo, mama huyo huyo aliuza debe mbili za mbaazi za mbegu ili yule mkubwa asikose kidato cha kwanza, na baba alinuna mwezi mzima. Jioni tulikula sinia moja. Mgeni asingeweza kubagua nani ni wa nani, na mama alichukia kuulizwa. Alijibu, "Wote wangu, kwani wewe umekuja kuhesabu?"

Nauliza: nyumba hii iko katika riwaya gani? Si ya Kazikwisha, maana hakuna aliyepigwa hadi akatoroka. Si ya malaika pia. Ni nyumba ya kulea kwa kununa, kwa kugawa visivyotosha, kwa upendeleo mdogo unaouma na kujinyima kukubwa kusikotangazwa. Nadai kwamba hii ndiyo nyumba ya ndugu iliyoenea zaidi katika nchi yetu, na ndiyo ambayo riwaya ya Kiswahili haijaiandika ipasavyo. Haijaiandika kwa sababu haina adui. Msuko wetu umezoea kudai adui.

Baadaye kituo fulani kilituma watu wakaomba mdogo kati ya wale watatu. Aliahidiwa kitanda, chakula mara tatu na shule ya Kiingereza. Mama alilia, akakubali, kwa kuwa debe za mbaazi zilikuwa zimekwisha. Mtoto alisoma, siwezi kukana. Kiingereza chake kinanipita. Lakini aliporudi likizo alikaa kwenye kiti cha wageni. Kiiraqw kilikuwa kinamponyoka, na siku wazee walipokaa kwa slufay, ile dua ya kishairi ambayo mmoja hutamka na wengine huitikia, yeye hakujua wapi pa kuitikia. Alitutazama midomo. Hakuna aliyemtesa. Alikuwa amelishwa vizuri akapotezewa watu.

Nimeitaja slufay kwa sababu ina somo la fani. Riwaya ya nafsi ya kwanza inamtoa mtoto kwenye kundi ili tumsikie vizuri. Slufay haitamkwi na mtu peke yake. Bila waitikiaji hakuna dua. Huenda tukihitaji kuiandika nyumba ya ndugu, tutahitaji riwaya yenye sauti nyingi: ya mtoto, ya mama mdogo aliyechoka, ya mtoto wa kuzaa anayeona sweta lake likivaliwa na mwingine. Huyu wa mwisho hajapewa nafasi kabisa katika fasihi yetu, nami najua kwa nini namtetea.

Kati ya ukoo wa dhahabu na ukoo wa kikatili

Tumerithi picha mbili zinazopingana. Ya kwanza ni ya kisiasa. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 juu ya ujamaa, Mwalimu Nyerere alijenga hoja yake juu ya familia ya Kiafrika iliyopanuka, ambamo mtu hakufa njaa wala kukosa utu kwa sababu tu hana mali yake mwenyewe. Ya pili ni ya riwaya, ambamo ndugu ni fisi aliyevaa kanzu. Kila upande una watetezi wake hapa chuoni, na kila upande unamwacha yatima halisi nje.

Ukweli tunaweza kuupata Kagera. Huko ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983, na huko bibi wengi walianza kulea upya wakiwa wazee. Watafiti waliwafuatilia watoto wa mkoa huo tangu uchunguzi wa kaya wa mwaka 1991 hadi 1994, wakarudi mwaka 2004 walipokuwa watu wazima. Walikuta kwamba waliofiwa na mama kabla ya kufikisha miaka 15 walikuwa, kwa wastani, wamepungukiwa sentimita 2 za kimo na mwaka mmoja wa shule.

Napenda wanafunzi wa fasihi wazitazame sentimita hizo mbili. Zinamkanusha anayesema ukoo unatosha: mtoto alipoteza kitu mwilini mwake kisichorudi. Zinamkanusha pia anayesema ndugu ni wauaji: watoto walikua, walisoma, wengi wakafika utu uzima. Sentimita mbili ndiyo tofauti ya zamu ya sweta, ya kipande cha nyama kilichokwenda kwingine, ya siku alizochunga badala ya kwenda shule. Hasara hiyo hailii kwa sauti, na kwa hiyo mwandishi anayetafuta kilio haioni.

Kituo je?

Mwenzetu atasema: basi kama nyumba ya ndugu inapunguza sentimita, tumpeleke mtoto kituoni akale kwa mizani. Ni hoja ya haki, inahitaji jibu.

Jibu moja limetoka Romania, nchi iliyorithi vituo vikubwa vya watoto kutoka utawala wa Ceauşescu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti mjini Bucharest waliwachukua watoto wadogo 136 waliokuwa vituoni, wakapiga kura: nusu wakapelekwa katika familia zilizoandaliwa na kusaidiwa, nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Waliokwenda katika familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliopelekwa mapema, kabla ya kutimiza miaka miwili hivi. Chakula kilikuwapo kote kuwili. Kilichokosekana kituoni ni mtu mmoja asiyebadilika zamu.

Umoja wa Mataifa nao, mwaka 2009, ulipitisha miongozo inayosema familia ndiyo mahali pa kwanza pa kumlea mtoto, na kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa nyumbani. Rwanda ilianza mwaka 2013 mpango wa kuwarudisha watoto wa vituoni katika familia, wakauita Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Kenya ina mkakati wa mageuzi ya malezi wa mwaka 2022 hadi 2032 wenye mwelekeo huo huo. Kwetu, Sheria ya Mtoto ya 2009 inatambua malezi ya familia, kuasili na makao ya watoto, na inataka maslahi ya mtoto yatangulie yote.

Sisemi vituo vyote vifungwe kesho. Wako watoto waliookotwa, waliokimbia ukatili wa kweli, ambao hawana pa kulala leo usiku. Nasema tu kwamba gharama ya kitanda kimoja kituoni ingeweza kununua masweta saba na ada, mama asiuze mbegu. Swali ni kwa nini mfadhili anaona kitanda asione sinia. Naamini sehemu ya jibu iko mikononi mwetu: kitanda cha kituo kina picha na kina hadithi, nacho sinia la mama mdogo hakuna aliyekisimulia.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba riwaya ya Kiswahili imemwona yatima, imemlilia, na katika Nyota ya Rehema imemtetea hata mirathi yake. Kwamba Watoto wa Mama N'tilie imetufundisha kutafuta umaskini pale tulipozoea kutafuta kifo. Na kwamba Kidagaa Kimemwozea imewapa heshima walezi wasio na damu wala mali. Udhaifu uliobaki ni nyumba ya kawaida ya ndugu, ambayo bado haijapata msanii wake.

Kwa wahakiki nina ombi moja. Tukutanapo na Kazikwisha kitabuni, tumlaani anavyostahili, kisha tuulize pia nani katika nyumba ile alikuwa akimwachia mtoto kiporo. Kwa wale mtakaokuwa walimu ombi ni gumu zaidi. Mkifika kwenye swali la matatizo ya yatima, msiwaamuru wanafunzi waorodheshe ukatili wa ndugu mpaka ubao ujae. Waulizeni pia nani aliwafulia sare wiki hii. Mtoto mmoja wa nyuma atanyanyua mkono ataje mama mkubwa, au shangazi, au bibi. Mwandikeni ubaoni, naye ni mhusika.

Na methali ile ibaki, lakini isomwe upya. Yatima hadeki, ni kweli. Wale watatu wa kwetu hawakudeka. Ila sisi wanne nasi hatukudeka. Masweta yalikuwa manne.